Siku Niliyoambiwa Picha Si Zangu

Wakili aliuliza swali moja tu, nami nikawa wa kwanza kunyosha mkono.

"Bibi harusi amekuita, umempiga picha, amekulipa pesa zako zote. Hakimiliki ya picha zile ni ya nani?"

Nikajibu kwa sauti ya mtu aijuaye kazi yake: "Ya mpiga picha. Kamera yangu, jicho langu, mkono wangu."

Tulikuwa wapiga picha watano katika ukumbi ule, na wenzangu wakanipigia makofi. Wakili, mwanamama mwembamba mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, akangoja makofi yatulie. "Ahsante, dadangu," akasema. "Umekosea."

Kazi hii nina miaka kumi na mmoja nayo. Napiga picha za harusi Mombasa, na zaidi za kupamba, ule usiku wa wanawake watupu ambapo bibi harusi huketishwa kwenye kiti chake, mabuibui yakavuliwa, udi ukafukizwa, na mlangoni akakaa mama mmoja mkali na mfuko wa kukusanyia simu za wageni. Anayepita mlango ule na kamera ni mimi peke yangu. Na kwa muda wote huo nilikuwa naamini kwamba kila nilichokipiga ni changu, mteja nampa nakala tu. Kwenye ankara zangu, chini kabisa, kwa herufi ndogo, kulikuwa na maneno haya: "Picha zote ni mali ya studio." Sikumbuki niliyatoa wapi. Nadhani niliyanakili kutoka ankara ya mwenzangu, naye aliyanakili kwa mwingine.

Semina ilikuwa ya siku moja, Agosti 2024, katika hoteli moja upande wa Nyali. Mwanamke tunayefanya kazi pamoja, yeye hina mimi kamera, ndiye aliyenisukuma twende. Kiingilio shilingi elfu nne, chai na chakula cha mchana humo humo. Nilimwambia nakwenda kwa sababu ya mikataba. Haikuwa kweli. Nilikwenda kwa sababu ya diski moja nyekundu ambayo habari zake sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwa mwaka na miezi minane. Nitafika huko.

Mle ndani tulikuwa mchanganyiko. Mzee mwenye tuktuk tisa, mama wa viungo kutoka Marikiti, kijana mtengenezaji tovuti za hoteli, ndugu wawili wauza leso wa Biashara Street, mwanamume wa kupeleka wageni Tsavo. Asubuhi ilikuwa ya mikataba, kabla ya chakula hakimiliki, na hatari za teknolojia wakaziweka baada ya biriani, wakati ambao hata mwenye nia njema hulala.

Wakili wa asubuhi alikuwa kijana, na alianza kwa kutuvua ujinga mmoja ambao nilikuwa nao tangu zamani: kwamba bila karatasi hakuna mkataba. Kumbe yako mambo machache sheria inayotaka yaandikwe, kama kuuziana ardhi, au kumdhamini mtu deni lake. Mengine yote hufungika kwa mdomo. Ukipatana na mtu akupikie pilau ya watu mia tatu kwa bei fulani, siku fulani, mmekwisha funga mkataba, hata kama mmepatana mkiwa mmesimama kwenye foleni ya feri. "Shida," akasema, "ni siku mwenzako atakapokwambia hakumbuki."

Hapo nikajikaza. Mwaka 2018 hoteli moja ya pwani, ambayo sitaitaja, ilinipa kazi ya kupiga picha vyumba vyake vyote. Tulipatana shilingi 180,000. Meneja alinitumia ujumbe wa sauti wa WhatsApp, tena wa furaha, akisema anza kesho, nusu nakutumia kwa M-Pesa leo, nusu mwisho wa Aprili. Nusu ya kwanza ikaja. Kisha meneja akahama, akaja mwingine, akaniuliza mkataba uko wapi. Mkataba ulikuwa ndani ya simu, na simu ilikuwa imenitumbukia Likoni nikishuka feri, nimebeba begi la kamera mkono huu na mtoto mkono huu. Nilikwenda hotelini mara nne. Mara ya nne askari wa getini aliniangalia kwa huruma, nikaona haya, nikaacha.

Sasa kijana yule akasema mambo mawili kwa pamoja, kama mtu anayekupa maji kisha akakwambia kisima kimefungwa. La kwanza, ipo Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, inatakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60, na unaweza kusimama na kujisemea mwenyewe bila kumlipa wakili. Ilianza kazi Nairobi mwaka 2021, kisha ikaenea hadi kwetu. La pili, madai ya mkataba yana umri: miaka sita tangu mkataba ulipovunjwa. Nikahesabu kwa vidole chini ya meza. Mwisho wa Aprili 2018. Mwisho wa Aprili 2024. Tulikuwa Agosti.

Kwa hiyo mlango ulikuwa wazi nami sikujua kama kuna mlango. Shilingi 90,000 si pesa ya kumfilisi mtu, lakini nilikaa nikiitazama sambusa kwenye sahani yangu hadi ikapoa.

Mengine ya asubuhi hiyo yalikuwa ya kawaida, ila yako mawili niliyoyaandika kwa kalamu nyekundu. Moja ni kwamba picha ya skrini ya mazungumzo ya WhatsApp haitoshi ukiingia nayo mahakamani mikono mitupu. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka na cheti: mtu aandike ni kifaa gani, maneno yalitolewaje humo, na kwamba kifaa kilikuwa kinafanya kazi sawasawa. Jambo la nusu ukurasa, lakini ukilikosa, ushahidi wako waweza kuwekwa kando. La pili ni arabuni. Mzee wa tuktuk ndiye aliyeuliza, nami nikadakia, kwa sababu mwaka 2020 arabuni karibu inivunjie jina. Mikusanyiko ilipopigwa marufuku kwa ajili ya korona, na Aprili mwaka ule Mombasa ikafungwa, asiingie mtu asitoke hadi Julai, nilikuwa nimeshika arabuni za harusi saba. Pesa nilikuwa nimezitia kwenye lenzi. Wako walionisubiri, wako waliotaka zao siku ile ile, na yuko mama mmoja aliyesimama mbele ya studio akinena kwa sauti ya mtaa mzima. Ilikuwa haki yake, ama haikuwa? Hakuna aliyejua, maana hatukuwa tumesema. Kijana akasema andikeni: siku ikiharibika kwa jambo ambalo si kosa la yeyote, arabuni itahamia tarehe nyingine kwa muda gani, na baada ya hapo itarudi kiasi gani. Mkiandika mkiwa mnacheka, hamtagombana mkiwa mnalia. Aliyasema kama mzaha, watu wakacheka.

Nilimuuliza pia juu ya kazi za Tanga, kwa sababu mara mbili kwa mwaka huvuka Lungalunga na kamera zangu. Akasema ukivuka pale sheria ni nyingine, kwa hiyo andikeni mtafuata sheria ya nchi gani na mkigombana mtakwenda mahakama ya wapi. Mstari mmoja tu.

Basi tukaja kwenye hakimiliki na yule mwanamama na miwani yake. Baada ya kuniambia nimekosea hakuniacha hivi hivi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, ya mwaka 2001, inaanza kwa kusema hakimiliki ni ya mtunzi wa kazi. Mpaka hapo mimi ni mtunzi na niko sawa. Kisha kifungu cha 31 kinageuza meza: kazi ikiwa imeagizwa na mtu, au imefanywa na mwajiriwa katika ajira yake, hakimiliki inahesabiwa imehamia kwa aliyeagiza au kwa mwajiri, isipokuwa wenyewe mmepatana vingine.

"Na ankara yangu?" nikauliza. "Imeandikwa picha ni mali ya studio."

"Ankara unaitoa lini?"

"Nikimaliza kazi."

"Basi mteja amekubali lini?"

Sikuwa na jibu. Nilichobakishiwa ni jina langu. Hata hakimiliki ikihama, mtunzi ana haki ya kutambuliwa kuwa ndiye aliyefanya kazi ile, na haki ya kupinga ikiharibiwa kwa namna ya kumvunjia heshima. Hiyo iko kifungu cha 32 na haiendi na pesa. Kusema kweli ilinipoza roho kidogo, kwa sababu kuna ukumbi mmoja uliwahi kuchukua picha yangu ya jukwaa ukakata jina langu pembeni ukaweka lake.

Aliyeumia zaidi yangu ni kijana wa tovuti. Alisimama akauliza taratibu: hoteli ya kwanza ilimwajiri kwa kandarasi aitengenezee programu ya kuweka nafasi za vyumba, akaiandika miezi mitatu, kisha sehemu kubwa ya programu ile ile akaitumia kwa hoteli nyingine tano. Mkataba haukusema lolote juu ya mwenye programu. "Kwa hiyo," akasema, "nimeiba kazi yangu mwenyewe?"

Ukumbi ulinyamaza. Wakili akasema neno kuiba tuliache, lakini aende akapatane upya na ile hoteli ya kwanza kabla meneja wake hajahudhuria semina kama hii. Kijana akaketi, na hakula chakula cha mchana. Nilimwona kwenye kibaraza akipiga simu.

Ndugu wawili wa leso nao walikuwa na lao. Kila atokaye Mombasa anajua ukingo wa leso: K.H.E. – Mali ya Abdulla. Mama yangu alikuwa na sanduku zima la leso hizo, na nilipokuwa mdogo niliamini Abdulla ni mtu mmoja tajiri anayemiliki nguo za wanawake wote wa Mombasa na kuwaazima. Ndugu hawa walisema leso za kuiga zinaingia sokoni zikiwa na michoro ile ile, rangi ile ile, na jina lile lile katikati, bei nusu. Wakataka kujua ni nini hasa kinachoigwa. Wakili akaichambua leso kama mtu achambuaye mchele. Alama ya mfanyabiashara ukingoni ni alama ya biashara, na husajiliwa taasisi ya mali ya viwanda, KIPI. Mchoro wa mji, yaani ile sehemu ya katikati ya leso, na wa pindo ni kazi ya sanaa, una hakimiliki tangu ulipochorwa, usajili wa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, ni wa hiari lakini husaidia siku ya kuthibitisha. Na jina la leso, ile methali? Methali ni ya watu. Mbele ya leso anayoijua tangu utotoni, kila mtu mle ndani alielewa kwa dakika tano jambo ambalo vitabu vingeliandika kwa kurasa hamsini. Naona mawakili wote wangefundishia leso.

Katika mazungumzo hayo hayo tuliambiwa kwamba mashairi ya Muyaka bin Haji hayana mtu wa kuyadai, maana alifariki 1840, na hakimiliki ya utungo hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada yake. Mchapisha kadi za harusi alifurahi mno. Tukaambiwa pia kwamba programu ya kompyuta, kwa jicho la sheria yetu, imehesabiwa katika kazi za fasihi, ndugu moja na utenzi. Kisha wakili akauliza ni nani kati yetu anayehariri picha kwa programu aliyoilipia. Watu wakaanza kutafuta vitu mikobani. Mimi nilitafuta kalamu. Ilikuwa mkononi.

Na sasa diski.

Desemba 2022 ilikuwa na harusi juu ya harusi. Nilikuwa na kupamba tatu katika siku tisa. Picha zote nilizitia kwenye diski moja ya nje, nyekundu, ukubwa wa pakiti ya biskuti, ili msichana anayenisaidia kuhariri afanyie kazi kwao Bamburi. Usiku nikapanda tuktuk kutoka Kizingo hadi Buxton, nikashuka nimechoka, begi la kamera begani, taa mkononi. Diski ilibaki kwenye kiti. Niligundua nikiwa bafuni, maji yananidondoka, nikatoka na shuka.

Haikuwa na neno la siri. Mtu yeyote angeichomeka kwenye kompyuta yoyote akafungua folda ya kwanza na kuwaona wanawake mia na hamsini wa Mombasa kama ambavyo waume zao na ndugu zao tu huwaona. Mabibi wa heshima wakicheza. Wasichana wamefungua nywele. Mwalimu wangu wa madrasa, Mungu amzidishie umri, akipiga vigelegele kichwa wazi. Ule mfuko wa simu mlangoni ulikuwa kazi bure, kwa sababu kila kilichozuiwa na mama yule mkali nilikuwa nimekitoa mimi, nikakiacha kwenye kiti cha tuktuk.

Siku mbili nilizunguka steji za tuktuk kama mwendawazimu. Siku ya tatu dereva alinitafuta mwenyewe. Alikumbuka aliponishusha, akauliza jirani hadi akanipata. Akanipa diski imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Nilimpa elfu mbili, akakataa, akachukua mia tano ya mafuta. Sikumuuliza kama aliifungua. Nilimtazama usoni, naye akanitazama, nikashukuru, nikaingia ndani. Kwa miezi nikawa naingia mitandaoni usiku nikitafuta picha ambazo sikutaka kuziona. Hazikutokea. Na kwa kuwa hazikutokea, nilijiambia hakuna kilichotokea.

Mtu akinisikiliza wakati ule angeniambia ni ajali, imepita, shukuru. Wakili wa mchana, yule yule mwanamama, alieleza vingine, na hakuwa akinisema mimi. Alikuwa akisoma Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Sura ya mtu ni data yake. Anayeikusanya ana wajibu wa kuilinda, iwe yeye ni benki au mwanamke mmoja mwenye kamera. Biashara ndogo, isiyofikisha watu kumi wala mauzo ya milioni tano kwa mwaka, kwa kawaida husamehewa usajili, lakini haisamehewi sheria. Data ikifikiwa na asiyehusika, na ikawa kuna hatari ya kweli ya kumdhuru mwenyewe, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72, na mwenyewe naye aambiwe. Kisha akaongeza kitu kilichonichoma: kama data ilikuwa imefungwa kwa msimbo, aliyeiokota asiweze kuisoma, mara nyingi huhitajiki hata kumtia mwenyewe wasiwasi. Kufunga diski ile kungenichukua dakika ishirini na bila senti moja.

Akatupa na mifano, ili tusidhani ni hadithi. Septemba 2023 kilabu kimoja cha starehe Nairobi kilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Shule moja ilitozwa 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila ridhaa ya wazazi wao. Watu wote walioamshwa na tarakimu hizo wakaketi vizuri. Na ridhaa, akasema, kuithibitisha ni juu yako wewe uliyepiga, si juu ya aliyepigwa. Tena aliyeitoa anaweza kuirudisha.

Nikakumbuka jambo ambalo nilikuwa nimelizika. Niliwahi kuweka kwenye ukurasa wangu picha ya mikono ya hina tu, bila uso, nikajiona mwangalifu. Pete ilitambuliwa kabla ya adhuhuri. Mama wa bibi harusi alinipigia simu, hakupiga kelele, alisema tu: "Mwanangu, ile mikono ina mwenyewe." Niliifuta nikakasirika, nikaona watu wa Mombasa wana makuu.

Nikiwa pale kitini, na harufu ya biriani bado mezani, mambo mawili yaliyokuwa mbalimbali yakakutana kichwani mwangu. Anayeniita kazini mara nyingi ni baba, ndiye mlipaji. Kwa kifungu cha 31, baba ndiye ameagiza, hakimiliki ni yake. Lakini picha za kupamba baba huyo huyo hazimhusu kuziona. Zina wanawake mia ambao hata hawajui ankara ilikwenda kwa nani. Mwenye picha ni mmoja, wenye sura ni wengi, na mimi niliyeshika kamera si yeyote kati yao. Lile swali la asubuhi nililolijibu kwa kiburi halikuwa na jibu moja. Na wale mama wa mlangoni na mifuko yao walikuwa wakilijua hilo tangu kabla ya kuwako semina.

Semina ilipokwisha nilimngoja wakili akikunja nyaya za kompyuta yake, nikamweleza. Nilidhani atashtuka. Aliuliza tarehe, akauliza kama kuna chochote kilichobadilika kwenye diski, akanyamaza kidogo. "Saa 72 zimepita zamani," akasema. "Lakini sheria yenyewe imeona kwamba watu huchelewa. Ukichelewa, unaarifu na sababu ya kuchelewa unaieleza. Usichoweza kukieleza ni kunyamaza."

Nikaandika. Sababu ya kuchelewa ilinichukua jioni mbili, kwa sababu ilikuwa neno moja tu, haya, na nilikuwa nikitafuta neno jingine. Kisha nikaanza kuwazungukia wale mama watatu. Wa kwanza alilia. Wa pili alinifukuza, na sijarudi.

Wa tatu yuko Kibokoni, nyumba yenye ngazi za mawe zilizolika katikati. Nilimkuta barazani ndani, kwenye mkeka, anachambua mchele, leso moja kiunoni moja kichwani. Nilimwamkia, nikaketi, nikamweleza yote, kuanzia kiti cha tuktuk. Vidole vyake havikuacha kuchambua.

"Siku ngapi?"

"Siku tatu, mama."

"Dereva mwanamume?"

"Mwanamume."

Akasukuma chuya pembeni. Akauliza mbona sikuja siku ile, nikasema niliona haya, akasema haya yangu ilimsaidia nani. Sikujibu. Akachambua tena. Kisha akasema mdogo wake bibi harusi yule anaolewa Rajabu, na kwamba nitakuja mimi, kwa sababu mwingine yeyote naye ataisahau diski siku moja na hatakuja kusema. "Lakini hiyo karatasi yako ya masharti nitaisema mimi, wewe uandike."

Nikatoa mkataba wangu mpya, kurasa mbili, niliotengeneza baada ya semina. Akanisomesha, nikamsomea. Arabuni akaikubali. Kipengele cha hakimiliki, kinachosema inabaki kwangu lakini siwezi kutumia picha yoyote popote bila idhini ya maandishi, alinitaka nikirudie mara tatu. Kisha akaniambia niongeze: picha zisikae kwangu zaidi ya siku arobaini baada ya kukabidhi. Na diski isipande tuktuk. Nikaandika hivyo hivyo, kwa maneno yake. Akavuta ukingo wa leso yake ukafika mwangani, akanionyesha kwa kidole maandishi. "Hata huyu Abdulla," akasema, "ameandika chake juu ya kiuno cha mtu, lakini kiuno hakusema ni chake."

Nikampa kalamu atie sahihi. Hakuipokea. Akaita jikoni, akatoka msichana wa miaka ishirini na kitu, mikono ina unga wa mahamri hadi kwenye viwiko.

"Sura ni yake," mama akasema. "Atie yeye."

Msichana akajifuta kwa pindo la dera, akaketi, akausoma mkataba wote, hata ile sehemu ya sheria za kufuata ambayo hakuna anayeisoma. Alipofika mwisho akainua macho.

"Mikono ya hina je? Nayo imo humu?"

Nikaichukua karatasi, nikaongeza mstari.